Inua Goti

Kampuni ya kutengeneza mashine za gemu ilimwita Saido Yarrow kwa sababu moja tu: hakujua lolote kuhusu gemu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mpishi wa shule moja kule Shard End, na maishani mwake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kutojua kwake kuna faida. Aliyemletea habari ni Mumbua, jirani yake wa Stechford, Mkamba wa Kitui aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Mumbua alikuwa mtu ambaye hakuna jambo la bure mjini Birmingham lililopita mbele yake bila yeye kulishika mkia.

"Mama Liban, wanatafuta wamama," Mumbua alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, akiwa bado mlangoni, hata viatu hajavua. "Wamama wa over fifty, wenye hawajawahi kucheza. Ni pale Hockley, kila Alhamisi. Kuna chai."

"Na sisi tutawafaa nini?"

"Hata wao hawajui. Ndiyo maana wanatuita."

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ikiitwa Pipit, ghorofa ya pili juu ya karakana za watengeneza pete, hivi kwamba ukipanda ngazi ulisikia nyundo ndogondogo zikigonga dhahabu ya maharusi wa watu. Walikuwa wametengeneza mashine moja ya kushikwa mkononi wakiwalenga vijana, na vijana wakaipita bila salamu, wakaenda kwa majina makubwa waliyoyazoea. Mkuu wa kampuni, Darshana, aliyezaliwa Handsworth na wazazi Wahindi waliotoka Kisumu, aliamua kuacha kuwakimbiza watu wanaokimbizwa na kila mtu. Afadhali awafuate wale ambao hakuna aliyewahi kuwabishia hodi. Wazo lake lilikuwa zuri. Shida ilikuwa gemu zenyewe.

Kulikuwa na gemu ya kupanda maua, gemu ya kulisha paka, na nyingine ya kupanga matunda kwa rangi. Wanawake watano walikaa kwenye viti laini wakapanda maua kwa adabu zote za ugenini. Walipoulizwa wanaonaje, walisema, "Nzuri sana," kisha wakayatazama makoti yao. Fiona, aliyekuwa akiziandika gemu hizo kwenye kompyuta, alikuwa Mluhya wa Kakamega na alisali kanisa moja na Mumbua. Yeye hakuhitaji mkalimani wa ile "nzuri sana". Ndiyo ile ile anayoambiwa mwenye nyumba kuhusu chakula ambacho mgeni hataomba kuongezwa.

Saido hakuwa akienda Hockley kwa ajili ya chai. Chai yake ya nyumbani ilikuwa na iliki na ilikuwa bora mara kumi. Alikwenda kwa sababu Alhamisi alasiri ilikuwa imemshinda kukaa nayo nyumbani.

Kwa miaka thelathini, tangu alipokuwa Eindhoven, Uholanzi, kabla ya kuhamia Birmingham, Alhamisi alasiri ilikuwa saa ya Najmo. Najmo ni dada yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, na hakuwahi kuondoka Isiolo walikozaliwa. Simu ikipigwa, walianza kwa afya, wakapita kwenye harusi na talaka za watu, wakamalizia kwa kugombana juu ya jambo lililotokea mwaka wa sabini na tano. Wiki moja baada ya Idi ya mwaka uliopita, Najmo alianguka jikoni. Kiharusi kikachukua upande wake wa kulia, kikachukua na maneno yote.

Saido alipanda ndege. Alikaa kando ya kitanda wiki tatu, akimlisha uji, akimsimulia, akimwimbia hata nyimbo za mama yao. Najmo alimwangalia jinsi unavyomwangalia mtu anayepita nje ya geti. Daktari alisema kwa upole kwamba macho yanaweza kuona na mwenye macho asiwepo. Likizo ilipokwisha Saido akarudi, na tangu hapo kila Alhamisi asubuhi binti wa Najmo, Nafiso, aliweka simu kwenye sikio la mama yake, na Saido akaongea na pumzi.

"Angekuwa amekufa, ningemlilia nikamaliza," alimwambia Mumbua siku moja ndani ya basi. "Angekuwa hai, ningeongea naye. Sasa huyu nimfanyeje?"

Mumbua alikuwa na methali ya kila kitu, hata ya soksi iliyopotea. Siku hiyo alishika tu mkono wa mwenzake mpaka kituo chao.

Alhamisi ya nne, Fiona alizima gemu ya matunda kabla hawajaanza. Akavuta kiti akakaa katikati yao.

"Aunty zangu, tuongee ukweli. Hizi zetu zina-bore. Mkiwa wadogo mlikuwa mnacheza nini?"

Kila mmoja alikuwa na lake. Lucie, Mkongo wa Bukavu, alizungumzia kamba. Mumbua akasimulia mpira wa matambara mpaka akasimama kuonyesha. Zamu ya Saido ilipofika, alisema tu kwamba wao walicheza mawe, na alidhani ataishia hapo. Lakini mdomo ulikataa kufungwa.

Unachimba kishimo ardhini, alisema, unakijaza vijiwe. Wengine huuita mdako. Unarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka unachota lingine shimoni, halafu unalidaka lile la juu. Ulilochota ni lako, unaliweka kando ya goti. Mitupo mitatu, kisha zamu ya mwenzako. Shimo likiisha mnahesabu.

"Dada yangu Najmo hakushindwa hata siku moja," Saido alisema. "Kwa sababu alikuwa mwizi. Jiwe likiwa juu sisi sote tunalitazama. Likianza kushuka, yeye kidole chake cha mwisho kinarudi shimoni kinachukua la pili. Analiweka chini ya goti, anafunika na gauni. Hakuiba mtupo wa kwanza wala wa pili, hapo bado unamchunga. Aliiba mtupo wa tatu, ukiwa tayari unafikiria zamu yako."

"Na mlikuwa mnamwacha?" Fiona aliuliza.

"Nimwache? Nilikuwa nahesabu shimo kila mara. Likipungua napiga kelele, 'Inua goti!' Yeye anainua kidevu, anafanya *mm-mm*, hajaiba. Mimi nalivuta goti kwa mikono miwili. Jiwe liko pale." Saido alicheka. Akaomba maji.

Walipokuwa wakivaa makoti alimvuta Fiona kando. "Hiyo ya mawe unaweza kuitengeneza?"

"Naweza kujaribu, aunty."

"Ichezwe kwa mkono mmoja? Wa kushoto?"

"Kitufe kimoja kinatosha. Inawezekana."

"Na mwenzako akiwa mbali? Tuseme Isiolo. Na akichelewa, siku mbili, siku tano?"

Fiona alimwangalia vizuri. Alikuwa na bibi Kakamega, na alielewa kabla hajaelezwa. "Tutaiambia imngoje," alisema.

Wiki mbili baadaye mawe yalikuwa kwenye skrini. Fiona alikuwa amechora shimo kwenye udongo mwekundu, mkono kila upande, na pindo la gauni la kila mchezaji. Bonyeza, jiwe linapaa. Bonyeza, mkono unachota. Bonyeza, unadaka. Saido na Mumbua ndio waliofungua uwanja, na dakika ya kumi Mumbua akasimama.

"Haya mawe yalikuwa kumi na mawili. Umechukua matatu. Mbona yamebaki nane?"

"Hesabu vizuri, mama. Macho yako yamezeeka."

"Yangu yamezeeka lini? Lucie, wewe ulikuwa hapa."

"Alikwiba," Lucie alisema bila kuinua kichwa kwenye kikombe chake. "Miye nilimuona na macho yangu."

Fiona aliangalia kompyuta yake. Lilikuwa kosa lake mwenyewe: ukibonyeza kuchota mara mbili upesi wakati jiwe linashuka, mashine ilitoa mawili shimoni na kuonyesha moja. Saido hakufundishwa na mtu. Kidole chake kilikumbuka kidole cha mwingine, kikajaribu. Dakika tano baadaye wanawake wote watano walikuwa wezi, wanashutumiana, wanaapa kwa dini zao mbalimbali, na chai imepoa haina mwenyewe. Saa kumi na mbili jioni Fiona aliwaomba waende nyumbani, na hakuna aliyekuwa ameangalia koti.

Alhamisi iliyofuata walikuja mapema. Mumbua alikuwa amevua pete ili zisimsumbue. Walicheza kimya kidogo, kisha kimya zaidi. Baada ya nusu saa Lucie aliuliza basi la saa ngapi linapita.

"Kuna kitu umefanya," Saido alisema.

"Ile bug ya juzi nimei-fix, aunty," Fiona alisema kwa fahari. "Sasa hakuna mtu ataibiwa tena."

Saido aliiweka mashine mezani. Kwa wiki tatu alikuwa amelala na kuamka na mpango wake, na alikuwa ameuficha hata kwa Mumbua. Sasa aliona umeondolewa kwa nia njema kabisa, na nia njema ndiyo ngumu kuigombeza.

"Rudisha," alisema.

"Lakini ilikuwa kosa."

"Rudisha kosa lako. Mchezo wa mawe bila wizi si mchezo, ni kazi ya kuokota mawe."

Darshana alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Alizungumza Kiingereza, taratibu, kwa heshima. Alisema anaelewa kwamba wiki ile walifurahi. Lakini mashine inayoruhusu watu kudanganya itasemwa ni mbovu. Mtu akidhulumiwa kwenye gemu, alisema, huiweka chini asiiguse tena, na yeye alikuwa na mpaka mwisho wa Machi kuamua ni gemu ipi itoke na mashine hiyo. Hangeweza kutoa gemu yenye kosa.

Saido alikijua Kiingereza vizuri, lakini akikasirika kilimtoroka kwa vipande. Alitazama huku na huku, akaona chungu cha ua pale dirishani, juu ya udongo wake kuna vijiwe vyeupe vya mapambo. Akavichota vyote. Akamwomba Fiona skafu yake, akaizungusha kwenye zulia ikawa shimo, akahesabia mawe humo, ishirini na moja. Halafu akashusha magoti yake mabovu chini, moja baada ya jingine, akamwonyesha mkuu wa kampuni mahali pa kukaa.

"Mwambie acheze na mimi," alimwambia Fiona.

Mwanzoni Darshana alicheza kama mtu anayempendeza mgeni. Mawe yalimponyoka, akacheka, akajaribu tena. Mtupo wa sita ulimkubali. Mtupo wa kumi alikuwa amevua saa. Shimo lilipokwisha wakahesabu, na Saido akawa amemshinda kwa mawe manne. Darshana alihesabu upya. Akahesabu mara ya tatu, akikunja uso.

"Hayatimii," alisema. "Yalikuwa ishirini na moja."

"Mwambie aseme, inua goti," Saido alisema.

Fiona alitafsiri. Darshana akasema kwa Kiswahili cha kuazima, na Saido akainua kidevu, akafanya *mm-mm*, kisha akajivuta pembeni. Mawe matatu yalikuwa pale kwenye zulia. Darshana aliyatazama. Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa kuliko alivyokitaka, na kabla hakijaisha alikuwa anarudisha mawe shimoni.

"Tena," alisema.

"Umeona? Umeibiwa, na hujaondoka."

Darshana aliligeuza jiwe kiganjani. Halafu akasema kwamba mama yake alikuwa akiiba karata, kila Jumapili, akizificha kwenye mkunjo wa sari, na yeye alikuwa amesahau. Hajamfikiria mama yake akiiba karata kwa miaka mingi.

Hapo Saido akasema lake, kwa Kiswahili, na Fiona akatafsiri sentensi kwa sentensi. "Nina dada haongei. Uso wake hausemi kitu. Wanasema hayumo. Mimi sijui kama yumo. Kubonyeza kitufe, mtu yeyote anaweza kubonyeza. Kucheza vizuri, mtu yeyote anaweza kucheza vizuri. Lakini kuiba mtupo wa tatu, anayeiba hivyo nimemjua mmoja tu duniani. Mkimfungia wizi, mimi nitamjuaje?"

Fiona alichelewa kutafsiri sentensi ya mwisho, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Darshana alisimama akaenda kwenye ubao wake mweupe. Ubaoni palikuwa na orodha ndefu ya vitu ambavyo wanawake watu wazima wanapenda kuvitazama: bustani, paka, keki, bahari. Aliifuta yote. Akaandika swali moja: wanataka kugombana na nani? Kisha akamgeukia Fiona wakaanza kubishana kuhusu vitufe.

Ndivyo wizi ulivyopata sheria yake. Kosa la Fiona likarudi, likiwa sasa haki ya kila mchezaji. Pembeni kikawekwa kitufe chekundu, cha Inua Goti. Ukimshuku mwenzako, unakibonyeza kabla ya zamu yako. Akiwa ameiba, goti linainuka kwenye skrini na analipa mawili juu ya lile aliloiba. Ukimsingizia, unalipa wewe. Mumbua alisingizia watu mara saba siku ya kwanza akafilisika mawe, na akasema mashine inapendelea Wasomali.

Mashine moja ilifungwa kwenye kitambaa ikapelekwa Isiolo na mtu wa msikitini aliyekuwa akienda kuoa. Saido alimwomba Fiona aitoe ile karatasi ya maelekezo. Kwa Nafiso alisema machache, na ya muhimu akayaficha. "Bonyeza kurusha, bonyeza kuchota, bonyeza kudaka. Kitufe chekundu msikiguse. Mwekee mama yako mkono wa kushoto."

Zamu ya kwanza kutoka Isiolo ilifika Jumanne. Saido alikuwa jikoni kwake, na maziwa yakachemka yakamwagika akiwa anatazama. Mtupo mmoja, jiwe moja. Wa pili, jiwe moja. Wa tatu, jiwe moja. Alihesabu shimo: sawasawa. Alijiambia ni mwanzo, bado anajifunza. Ikaja nyingine, na nyingine. Wiki tatu zilipita, kila siku zamu moja, safi, nadhifu, mawe matatu bila hata moja la ziada. Najmo wa mashine alikuwa mcheza mwema kupita kiasi. Kila zamu safi ilimwondolea Saido kitu kidogo kifuani, na akawa anafungua mashine akiogopa.

Kisha akawaza jambo jingine, nalo lilimpa hasira iliyokuwa na matumaini ndani yake. Akapiga simu.

"Nafiso. Nani anacheza?"

Jogoo wa Isiolo aliwika kwenye simu.

"Ni mimi, habaryar," Nafiso alisema, akimwita mama mdogo kwa Kisomali. Alikuwa analia tayari. "Siku ya kwanza niliweka mkononi mwake, akaiacha tu hivyo. Saa nzima. Nikakufikiria vile unangoja huko. Sikuweza, habaryar. Nikabonyeza."

Saido alikata simu. Alizunguka jikoni, akafungua kabati akalifunga bila kutoa kitu. Alitaka kumgombeza, na hakuona pa kuanzia, maana mtoto huyu ndiye aliyekuwa akimgeuza mama yake kitandani kila baada ya saa mbili, mwaka mzima, bila msaidizi. Akapiga tena.

"Umefanya kwa huruma, na mimi sina kinyongo. Sasa nisikilize. Mpe mkononi, mkono wa kushoto, halafu toka chumbani. Kila siku. Usimsaidie hata kidole."

"Habaryar, mama hawezi."

"Basi asiweze. Lakini asiweze mwenyewe."

Siku ya kwanza hakuna kitu. Skrini iliandika maneno aliyoyaweka Fiona kwa Kiswahili: *Zamu ya Najmo*. Siku ya pili, vivyo hivyo. Saido aliiweka mashine kando ya birika, akawa anaitazama asubuhi kabla ya kwenda kupika viazi vya watoto mia tatu, na anaitazama akirudi kabla hajavua skafu. Subira yavuta heri, watu husema, lakini hawasemi ni kwa kamba ya urefu gani. Alhamisi alikwenda Hockley, akacheza na Lucie, akashindwa bila kujali. Fiona alimuuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. Usiku alimwota dada yake akiwa na miaka tisa, amempa mgongo, hageuki.

Siku ya nane alifikiria kumwambia Nafiso aiondoe. Alishika simu, akaiweka chini. Aliona kwamba maneno yale mawili kwenye skrini, kwa uchungu wake wote, ndiyo mahali pekee palipobaki duniani ambapo Najmo alikuwa akingojewa afanye kitu. Kwingine kote alikuwa akifanyiwa.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Mumbua alikuwa ameleta mahamri, amekaa anamsema binti ya mtu. Mashine ikalia kando ya birika, mlio mdogo.

Saido alikaa chini kabla ya kuifungua. Mkono wa Isiolo ulianza kusogea, na haukuwa mkono wa zamu zilizopita. Ulikwenda polepole, kwa kusitasita. Mtupo wa kwanza jiwe lilianguka, halikudakwa, na mkono ukabaki mtupu. Wa pili ukachota moja, ukadaka kwa shida. Halafu palikuwa na kitambo kirefu ambacho hakuna kilichosogea. Wa tatu jiwe likapaa, mkono ukachota, jiwe likadakwa. *Zamu ya Saido*.

"Amepata mawili," Mumbua alisema. "Kwa mgonjwa, si haba. Mungu ni mwema."

Saido hakuwa akisikia. Alikuwa anahesabu shimo kwa ncha ya kidole juu ya kioo. Yalikuwa kumi na manane. Mawili yakitoka yabaki kumi na sita. Akahesabu kutoka kushoto. Akahesabu kutoka kulia. Akampa Mumbua.

"Hesabu wewe. Mimi siyaamini macho yangu."

Mumbua alivaa miwani. Midomo yake ilitembea. "Kumi na matano," alisema. Akainua uso, na alipoona uso wa mwenzake akavua miwani tena.

Nafiso hakuwa akijua wizi. Hakuna mtu Isiolo aliyeambiwa wizi. Saido alikuwa ameketi jikoni Stechford na machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mashine.

"Mwache leo," Mumbua alisema kwa sauti ya chini. "Jiwe moja tu, Mama Liban. Mgonjwa."

Saido alifikiria hilo kwa haki. Kwa mwaka mzima kila mtu alikuwa mpole kwa Najmo. Walimlisha kwa upole, wakamgeuza kwa upole, wakanong'ona mbele ya uso wake. Hakuna hata mmoja aliyemshuku kwa lolote. Akaweka kidole gumba kwenye kitufe chekundu akakibonyeza kwa nguvu zake zote.

Pindo la gauni likainuka kwenye skrini. Jiwe lilikuwa pale chini ya goti.

Chai ilikuwa haijapoa simu ilipolia. Ilikuwa Nafiso, na alikuwa akiongea mbio.

"Habaryar, umefanya nini? Nilikuwa nje, nikasikia. Nimeingia nimekuta mashine inawaka nyekundu na mama anatoa sauti. Sijawahi kumsikia hivi. Nafikiri amekasirika. Nimwite daktari?"

"Usimwite mtu. Mwekee simu sikioni."

Kukawa na mkwaruzo wa shuka, kisha ile pumzi ambayo Saido aliongea nayo Alhamisi hamsini. Zamani angeanza na habari za mvua, na Liban, na bei ya nyama. Mara hii hakusalimia.

"Abaayo, dada yangu," alisema, "umeiba."

Pumzi ilisimama. Halafu, kutoka Isiolo, nzito na iliyopinda upande mmoja, ikaja sauti ambayo haikuhitaji kutafsiriwa na mtu, na hata kidevu kilichoinuka nayo alikiona.

"Mm-mm," Najmo alisema.

"Umeiba. Nimehesabu."

"Mm-mm."

Saido aliivuta mashine karibu, akalitazama shimo na mawe yake kumi na matano, akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Haya," alisema. "Zamu yangu. Na mikono yako niione."